Mafuta ya Nazi Huganda Bara

Kazi iliingia saa tano na nusu usiku, Jumanne, nikiwa nimeshateremsha chandarua na naanza kuhesabu kichwani kama kodi ya mwezi itatimia. Kurasa tisa. Siku sita. Dola sabini na mbili, na katika hizo mwenye akaunti anakata thuluthi, maana akaunti ni yake, mimi ni mikono tu. Nikafungua maelezo. Mwenye kazi alikuwa mwanafunzi wa uzamili huko Uingereza, na mada yake ilikuwa hii: jinsi dopingi inavyoathiri uthabiti wa fezi katika aloi za sumaku zenye kumbukumbu ya umbo.

Niliisoma mara mbili, kisha nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Muyeye ilikuwa kimya, mbwa tu na jenereta ya hoteli moja upande wa ufuoni. Mada hiyo naijua. Ndiyo iliyokuwa mradi wangu wa mwaka wa nne, mradi ambao sikuumaliza, katika chuo ambacho pia sikukimaliza.

Wengi mnaosoma hapa mnaijua kazi hii, na wengine mmeifanya. Tunaandika insha, ripoti na tasnifu za watu ambao hatutawaona kamwe. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kukataza kuuza huduma hii kwa wanafunzi wa vyuo vya England, lakini kazi hazikuacha kuingia. Kilichozipunguza kweli ni akili mnemba. Siku hizi anayemlipa binadamu ni yule ambaye mashine imemshinda: anataka hesabu, anataka jedwali, anataka kitu ambacho msimamizi wake akikishika mkononi kitakuwa na uzito. Huyu wangu alitaka jedwali. Hesabu mpya, aliandika, zisizonakiliwa popote.

Nikabonyeza kukubali. Sitajitetea. Kodi ilikuwa tarehe tano.

*

Nianze na mafuta ya nazi, kwa sababu ndivyo nilivyoielewa hii habari mimi mwenyewe.

Nilipokwenda chuo mara ya kwanza, mamangu alinifungia chupa ya mafuta ya nazi aliyoyapika kwa mkono wake. Chuo kilikuwa bara, mahali ambapo asubuhi pumzi inakutoka mdomoni kama moshi. Siku ya pili nikainua chupa nijipake, nikakuta yameganda yote, meupe kama mshumaa. Nyumbani nilikuwa nimeyaona yakifanya ukungu alfajiri za Julai, lakini kuganda hivi, hapana. Nikampigia simu nikidhani yameharibika.

"Hayajaharibika, mwanangu," akacheka. "Yameona baridi tu. Yaanike juani."

Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi 24 hivi za Selsiasi. Mchana Malindi ni nadra kushuka chini ya hapo, kwa hivyo mtoto wa pwani anaweza kukua akidhani kuwa majimaji ndiyo hali yake halisi. Lakini mafuta ni yaleyale. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa. Kilichobadilika ni namna chembe zake zilivyojipanga. Kila mpangilio wa namna hiyo wanafizikia wanauita fezi, na uthabiti wa fezi ni swali moja tu: kwenye joto hili, mpangilio upi una gharama ndogo zaidi? Huo ndio utakaokaa.

Vyuma navyo vinafanya hivyo, tena bila kuyeyuka. Chukua aloi ya nikeli na titani. Ikiwa na joto, atomu zake hukaa katika mpangilio wa mchemraba, pande zote sawa. Wataalamu wanauita austenaiti. Ikipoa, mchemraba unapindwa na kusukumwa kando, nao mpangilio huo unaitwa martensaiti. Sasa, mchemraba unaweza kupindwa kuelekea pande nyingi. Ukiupinda waya wakati umepoa, hujavunja safu za atomu. Umezigeuza tu zilale upande mwingine. Ukiupasha moto, zote zinarudi kwenye mchemraba, na mchemraba ni mmoja tu, hauna upande wa kulalia. Waya unanyooka wenyewe. Hiyo ndiyo kumbukumbu ya umbo. William Buehler na wenzake katika maabara ya jeshi la wanamaji la Marekani ndio walioitambua tabia hiyo katika nikeli na titani kati ya 1959 na mwanzo wa miaka ya 1960, na leo waya huo uko midomoni mwa watoto wanaonyooshwa meno.

Shida yake ni kwamba unaungoja joto. Kupasha na kupoza kunachukua muda. Je, kama ungeweza kuuamuru kwa sumaku?

*

Tulipokuwa wadogo tulikuwa tukitoa sumaku kwenye spika mbovu ya redio, tunaifunga kamba, halafu tunaiburuta mchangani karibu na mdomo wa Mto Sabaki. Inatoka imeota ndevu nyeusi. Mchanga wa huko umebeba madini mazito yenye chuma na titani, na kwetu ilikuwa ni mchezo wa kuona nani ana ndevu ndefu zaidi. Ndipo nilipojifunza kwamba si kila kitu kinaitika sumaku. Kikombe cha alumini hakiitiki. Waya wa shaba hauitiki.

Kwa hivyo mwaka wa tatu nilipoambiwa habari ya Fritz Heusler nilidhani ni masihara. Mwaka 1903 huyu Mjerumani alieleza jinsi alivyochanganya shaba, manganizi na alumini, vyuma vitatu ambavyo hakuna hata kimoja kinachonata kwenye sumaku, akapata aloi inayonata. Usumaku haukaii ndani ya atomu peke yake. Unakaa pia katika jirani aliyewekwa naye na umbali uliopo kati yao. Aloi za familia hiyo zinaitwa kwa jina lake mpaka leo.

Mmoja wa ukoo huo ni aloi ya nikeli, manganizi na galiamu: atomu mbili za nikeli kwa moja ya manganizi na moja ya galiamu. Mwaka 1984 Webster na wenzake walieleza jinsi inavyobadilika kutoka mchemraba kwenda sanduku lililobanwa upande mmoja. Mwaka 1996 Kari Ullakko na wenzake, wakiwa MIT, wakaonyesha kwamba sumaku inaweza kuifanya ijinyooshe kwa takriban asilimia 0.2. Inasikika kidogo. Kufikia 2002 watafiti wa Finland walishafika asilimia 9.5. Yaani kipande cha sentimita kumi unakisogezea sumaku na kinarefuka karibu sentimita nzima, bila moto, bila mota, bila gia.

Inavyofanya kazi ni hivi: katika kila sanduku kuna upande ambao usumaku unapenda kulalia, kama paka na kona yake. Ukileta sumaku ya nje kutoka upande mwingine, usumaku una njia mbili. Ama ugeuke peke yake uache upande unaoupenda, ama sanduku zima ligeuke nao. Katika aloi hii kugeuza sanduku ni rahisi zaidi. Basi masanduku yanageuka, na kipande kinabadilika umbo.

Ila kuna kasoro mbili, na hapo ndipo dopingi inapoingia. Aloi hii ikiwa na vipimo kamili haigeuki kuwa martensaiti mpaka ifike karibu nyuzi 71 chini ya sifuri. Hakuna mahali Kenya penye baridi hiyo, hata kileleni mwa Mlima Kenya. Na usumaku wake unapotea ikifika nyuzi 103. Mhandisi anataka martensaiti iwe thabiti kwenye joto la kawaida, na usumaku ubaki imara juu ya hapo. Halafu galiamu yenyewe ni ghali, na huyeyuka kwenye nyuzi 29.8. Mchana wa Machi Malindi ingekumwagikia mezani.

*

Siku ya pili ya ile kazi mamangu alinikuta mezani saa sita mchana na chai imepoa.

"Unaandika nini leo?"

"Dopingi, Mama."

"Aa! Pufya? Wale wakimbiaji wanaofungiwa?"

Nikamwambia si ile. Hii ni ya vyuma. Unachukua aloi, unatoa atomu chache za aina moja, unatia za aina nyingine mahali palepale, kidogo tu, uone tabia itabadilika vipi.

Akafikiri. "Kama sonara."

Nilikuwa sijawahi kulifikiria hilo, na ni kweli. Kuna mzee mmoja mjini, nyuma ya soko la zamani, ambaye ndiye aliyemtengenezea mamangu bangili za harusi. Jioni nilimwendea. Nilimwamkia, akanionyesha kigoda, na nikamuuliza kwa nini dhahabu haivaliwi tupu.

"Tupu haivaliki, babu," akasema. "Laini. Bibi harusi akipiga kofi moja, bangili imekuwa yai." Ndiyo maana dhahabu ya karati 22 ni sehemu 22 kati ya 24, karibu asilimia 91.6, na zilizobaki ni shaba na fedha. Akaniambia jambo jingine ambalo niliandika kwenye simu hapohapo: "Si unatia shaba tu. Ukizidisha inakuwa nyekundu, inaanza kupasuka ukiigonga. Kila unachotia kinakupa kitu na kinakunyang'anya kitu."

Sentensi hiyo ingetosha kuwa muhtasari wa kurasa zangu tisa.

Katika aloi yetu, kinachotoa na kunyang'anya ni elektroni. Hesabu yake ni rahisi kuliko mnavyodhani. Nikeli huleta elektroni 10 za nje, manganizi 7, galiamu 3. Nikeli mbili ni 20, jumlisha 7, jumlisha 3, ni 30. Gawanya kwa atomu nne: 7.5 kwa kila atomu. Kwa jumla, kadiri wastani huo unavyopanda, martensaiti inakuwa thabiti kwenye joto la juu zaidi. Ongeza nikeli mahali pa manganizi, wastani unapanda, na ule ugeukaji wa nyuzi 71 chini ya sifuri unapanda hadi joto la chumba na kupita. Lakini manganizi ndiyo yenye sehemu kubwa ya usumaku. Ukiitoa, joto la kupoteza usumaku linashuka. Umepewa, umenyang'anywa.

Kobalti mahali pa nikeli hufanya kinyume: usumaku unavumilia joto zaidi, martensaiti inarudi nyuma kwenye baridi. Chuma mahali pa manganizi nacho huelekea huko, ingawa wastani wa elektroni unapanda, kuonyesha kwamba hesabu hii rahisi haitoshi peke yake. Ukubwa wa atomu unahesabika. Jirani anahesabika.

Shaba ndiyo niliyoipenda. Shaba huja na elektroni 11. Ukiitia mahali pa robo ya manganizi, wastani unafika 7.75. Ugeukaji unapanda sana, usumaku unashuka, na mistari miwili inakutana karibu na nyuzi 35. Hapo aloi inabadilika umbo na kupoteza usumaku kwa mpigo mmoja, na kwa sababu hiyo ukiiwekea sumaku na kuiondoa inabadilisha joto lake sana. Watafiti wa Southern Illinois University walichapisha habari hiyo mwaka 2006, na wako wanaoota friji isiyo na gesi kwa njia hiyo.

Nyuzi 35. Nilipoisoma mara ya kwanza, nikiwa na jaketi mbili kwenye bweni la bara, niliwaza chumba chetu cha mabati Malindi saa nane mchana. Nikasema, hii aloi ni ya kwetu.

*

Basi niliichagua iwe mradi wangu.

Hatukuwa na tanuri la kuyeyushia manganizi wala mashine ya eksirei ya kupimia. Tulikuwa na kompyuta. Hilo si jambo dogo: kuna programu ya bure inayotatua milinganyo ya elektroni na kukwambia nishati ya kila mpangilio, na kwa nchi kama zetu imekuwa ndiyo maabara. Kuna mafunzo ya Afrika nzima ya kazi hiyo, ASESMA, yaliyoanza Cape Town mwaka 2010 na yakafanyika Eldoret mwaka 2012. Mhadhiri wetu alitufundisha kwa programu iitwayo Quantum ESPRESSO, yenye mizizi Trieste, Italia. Jina hilo lilinifurahisha. Mtoto wa Malindi anajua espreso kabla ya kujua fizikia.

Kazi yangu ilikuwa kujenga kisanduku cha atomu 16: nikeli 8, manganizi 4, galiamu 4. Natoa manganizi moja, natia shaba. Halafu naipa programu umbo la mchemraba, inanipa nishati. Naubana mchemraba kidogo, inanipa nishati. Nauvuta, inanipa nishati. Umbo lenye nishati ya chini ndilo linaloshinda. Tofauti inayotafutwa ni elfu chache za elektrovolti kwa atomu, kitu chembamba mno.

Kila nilipojaribu, mchemraba ulishinda. Bila shaba, mchemraba. Na shaba, mchemraba. Vitabu vyote vinasema martensaiti ishinde, na mimi napata mchemraba. Laptopu ilikuwa ya mtumba, feni yake inalia kama mashine ya kusaga, stima ikipotea hesabu ya saa kumi na moja inaanza upya. Mhadhiri akasema niendelee kukagua. Nilikagua muhula mzima.

Wakati huohuo salio la ada lilikuwa limefika shilingi elfu sitini na nane. Mkopo wa serikali ulikuwa umekuja nusu, na ile nusu nilikuwa nimeituma nyumbani mwezi ambao mamangu alilazwa. Bila kulipa huwezi kusajiliwa kwa mtihani. Rafiki mmoja wa bwenini akanionyesha kazi za mtandaoni: insha moja, dola kumi. Nikaomba kuahirisha mwaka mmoja nitafute pesa. Nilikuwa nalala saa kumi alfajiri nikiandikia watu historia ya Roma na uuguzi wa Ohio. Mwaka ukaisha. Sikurudi.

Watu wakiniuliza nasema ni ada. Ni ada kweli. Lakini ndani yangu kulikuwa na sababu nyingine ambayo sikumwambia mtu: niliamini sina akili ya ile kazi. Mtu mwenye akili angepata martensaiti.

*

Nilikuwa na faili zote kwenye diski ndogo, ndani ya soksi. Usiku wa Jumatano nikazifungua kwa mara ya kwanza baada ya miaka minne. Nilitaka tu kunakili muundo wa atomu nisiuandike upya.

Mstari wa kumi na tisa ulikuwa na namba 0.05.

Nieleze. Katika hesabu za chuma, ili programu isiyumbe, unairuhusu itawanye elektroni kidogo kuzunguka kiwango cha juu wanachojaza. Utawanyaji niliochagua unafanya kazi sawasawa na joto la elektroni. Ukiweka 0.005, katika vipimo vinavyotumiwa na programu ile, umeweka joto la mamia kadhaa ya nyuzi, linavumilika. Ukiweka 0.05 umeambia elektroni ziko kwenye nyuzi kama 7,900 za Kelvini. Uso wa jua hauzidi 5,800.

Nilikuwa nimeweka aloi yangu mahali pa moto kuliko jua, halafu nikakaa muhula mzima nikishangaa kwa nini haigandi. Mchemraba ni fezi ya joto. Bila shaka ulishinda. Nilikuwa kama mtu aliyekaa Malindi mchana akilaumu mafuta ya nazi.

Sifuri moja.

Nilikaa nikiiangalia. Sikulia, nisiseme uongo. Nilihisi zaidi kama ile siku unapokuta funguo mfukoni baada ya kuvunja mlango. Pengine mhadhiri angeiona kama ningempelekea faili badala ya matokeo. Sikumpelekea kwa sababu niliona haya.

Ningeweza kutunga namba za jedwali. Wenzangu wangetunga, hakuna anayelipa dola sabini na mbili ili ukeshe na atomu. Lakini niliongeza ile sifuri, nikaongeza na idadi ya sehemu ambazo programu inapaswa kupima, kwa sababu utawanyaji ukiwa mdogo lazima upime kwa wavu mwembamba zaidi. Nikaomba betri ya sola kwa jirani mwenye kinyozi. Nikaacha iende. Ilienda Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi yote. Nilikuwa nalala sakafuni kando yake kama mtu anayemuuguza mgonjwa.

Jumapili asubuhi, aloi bila shaba: mchemraba ukashindwa kwa elfu chache za elektrovolti. Jioni, aloi yenye shaba: ukashindwa kwa tofauti kubwa zaidi. Ndivyo inavyopaswa. Shaba imeleta elektroni, elektroni zimeufanya mchemraba kuwa ghali, sanduku limekuwa thabiti zaidi, kwa hivyo inahitaji joto zaidi kulirudisha. Mistari minne katika jedwali. Nikaandika kurasa tisa usiku mmoja, na nadhani ni kurasa bora nilizowahi kuandika kwa lugha yoyote. Nikazituma zikiwa zimebaki saa tatu. Hazina jina langu.

*

Wiki mbili baadaye mwenye kazi akaandika tena. Anaitwa kuitetea kazi mbele ya msimamizi na haelewi jedwali. Je, naweza kumweleza kwa simu? Atalipa saa moja.

Nikamweleza. Nilianza na mafuta ya nazi, ikabidi nieleze kwanza kwamba yanaweza kuwa majimaji, kwa sababu kwao yako kwenye kopo na ni magumu. Halafu mchemraba, masanduku, elektroni. Nilipita saa moja bila kujua. Mwishoni aliniuliza, kwa upole, mimi ni mhadhiri wa chuo gani.

"Sina chuo," nikamwambia.

Akanyamaza kidogo, akashukuru, akakata.

Nilipogeuka mamangu alikuwa mlangoni na sinia la mahamri. Kizungu hasikii sana, lakini sauti ya mtu anayefundisha anaijua.

"Umerudi chuo?" akauliza. Uso wake wote ulikuwa umefunguka. "Unasomea kwa simu sasa?"

Miaka minne nilikuwa nimemwambia nimeahirisha. Nimeahirisha, Mama. Namalizia, Mama. Naye alikuwa akiwaambia wanawake wa chama chake. Nikamkalisha nikamwambia yote: kwamba nilishaacha, kwamba pesa ninayomletea ni ya kufanyia watu masomo yao, kwamba yule niliyekuwa namfundisha ndiye atakayepata cheti.

Hakupiga kelele. Aliokota hamri moja, akalikata katikati, akalirudisha.

"Na ile ilikuwa inakukwamisha, umeipata ilikuwa nini?"

"Sifuri moja, Mama. Niliiacha."

"Sifuri moja?"

"Kwenye hesabu. Kwenye ada ni nyingi zaidi."

Akacheka bila kutaka, halafu akafuta macho kwa ncha ya leso, halafu akauliza ni pesa ngapi kamili. Nikamtajia. Akasema mzunguko wa chama unamfikia mwezi wa tisa.

Nimemwandikia msajili wa chuo barua pepe ya mistari sita kuuliza mtu aliyepitisha muda wa kuahirisha anarudi vipi. Sijajibiwa bado. Hata nikikubaliwa, mradi wa shaba siwezi kuurudia. Jedwali lile sasa ni la mtu mwingine, na mimi nikilileta nitaonekana ndiye niliyenakili. Hilo nimelipika mwenyewe na nitalila. Kwa hivyo nimeanza kobalti. Atomu 16 zilezile, natoa nikeli moja, natia kobalti, na mstari wa kumi na tisa naukagua kila mara kabla ya kubonyeza.

Kazi za watu bado nafanya, kodi haijui fizikia. Lakini laptopu usiku ni ya kobalti. Mamangu akiamka kuswali alfajiri anapita hapa, anasikiliza feni, ananiuliza kwa sauti ya chini:

"Imeganda?"

"Bado, Mama."

"Haya. Usiizidishie moto."